Kamati ya Miguu Miwili

Mdogo wangu alipata kamati kabla ya kupata viatu. Kamati hiyo ilikuwa na prezidenti, makamu wa prezidenti, mwandishi, msemaji, mlinzi wa nidhamu, mshauri wa ufundi, mshauri wa mambo ya roho, na mama mmoja ambaye kazi yake iliitwa uhamasishaji, yaani kupiga vigelegele. Watu wanane kwa ajili ya miguu miwili. Kila mguu ulikuwa na viongozi wanne, na nyayo zenyewe zilikuwa chini, kwenye vumbi la Kasungami, peku.

Kosa lilianza kwangu, kwa hiyo ni haki nilieleze mwenyewe.

Mimi ndiye mkubwa wa kuzaliwa. Baba alitangulia, mama akafuata nilipokuwa darasa la pili la sekondari. Jumatatu nilirudisha vitabu shuleni, Jumanne nikashika jembe. Nyuma yangu kulikuwa na watatu: msichana huyu ninayemsimulia, na wawili wadogo ambao wakati huo walikuwa bado wanauliza mama atarudi lini. Wote waliniita yaya, kama wanavyomwita mkubwa wa nyumba huku kwetu Lubumbashi, awe mwanaume au mwanamke. Ni jina dogo, lakini lina uzito wa mfuko wa makala, yaani mkaa.

Tulikuwa na shamba la baba karibu na kijito. Tulilima mboga za majani, matembele, lengalenga na sombe, na nilizipeleka sokoni kwa baiskeli. Sasa, sokoni kwetu nafasi hainunuliwi, inashikwa. Anayetandika gunia lake chini mapema karibu na lango ndiye mwenye mahali pale mpaka jioni, na hakuna mtu atakayemgusa. Anayechelewa anakaa kando ya mfereji, na mboga zake zinaanza kunuka vitu ambavyo hazikuoteshwa navyo. Baiskeli yenye mzigo haiendi haraka. Ndiyo maana tangu akiwa na miaka kumi na miwili, mdogo wangu alitangulia mbele akikimbia na gunia tupu kwapani, kutoka Kasungami mpaka sokoni, alitandike na kulikalia. Nilipofika nikisukuma baiskeli, yeye aliinuka, akakimbia tena kwenda shule. Mvua au baridi. Hatukuita mazoezi. Tuliita kushika nafasi.

Mwalimu wa michezo wa shule yao ndiye aliyegundua kwamba msichana huyu anafika kila asubuhi mbio na hahemi. Siku moja akamweka akimbie na wavulana wa darasa la mwisho. Jioni yake akaja nyumbani, mtu mwembamba mwenye aibu, akakaa kwenye kigoda chetu.

«Huyu mutoto, nani alimufundishaka?»

«Hakuna mutu,» nilisema. «Anashikaka tu nafasi ku soko.»

Akatueleza kwamba mwezi wa sita kungekuwa na mbio za kuchagua timu ya mkoa, kilometa kumi kwenye barabara za mjini. Wasichana watatu wa kwanza wangechukuliwa. Wangekaa bweni pamoja na timu, wakimbie na wasome bure mpaka wamalize. Wa nne angepewa mkono.

Alipoondoka tulitazamana. Mwaka uliofuata sikuwa na njia ya kumlipia shule, na mama mdogo, mdogo wa marehemu mama anayefanya biashara ndogo ndogo Sakania mpakani, alikuwa ameshamwomba mara mbili akamsaidie kuvusha bidhaa. Mama mdogo ni mtu mwema, lakini wasichana anaowachukua hawarudi shuleni. Wanarudi na mtoto mgongoni. Basi hesabu ilikuwa rahisi: akiwa wa kwanza, wa pili au wa tatu, ni shule na mbio. Akiwa wa nne, ni Sakania.

Hapo ndipo nikafanya kosa. Nilimwambia baba mdogo.

Sikuwa na namna. Mtoto hatoki nyumbani bila upande wa baba kujua. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, aliishi Katuba na hakuwa amekanyaga kwetu tangu mazishi ya mama, ambayo alikuwa prezidenti wa kamati yake. Aliongoza vizuri: hotuba zilikuwa tano na jeneza lilichelewa saa tatu. Nilimpigia simu siku ya Ijumaa. Jumapili akafika na watu watano, wamevaa vizuri, na daftari jipya.

«Mutoto iko wa familia,» alisema akisimama, maana hawezi kusema akiwa amekaa. «Haiko wa mutu moja. Mutoto kama anakimbia, ni familia njo inakimbia.»

«Familia yote itakimbia kilometa kumi?» mdogo wangu aliuliza.

«Nyamaza. Bakubwa banasema.»

Siku hiyo vyeo viligawanywa. Mimi sikupewa cheo, kwa kuwa sikumaliza shule, lakini niliruhusiwa kuleta viti.

Jambo la kwanza kwenye ajenda lilikuwa kikwembe. Huku kwetu hakuna sherehe wala msiba bila wanawake wote kushona kitenge cha aina moja. Asiyekivaa anaonekana kama amepotea njia. Wanawake walitaka kijani. Prezidenti alitaka buluu, kwa sababu inatoka vizuri kwenye picha. Mjadala ulikula Jumapili mbili. Jumapili ya pili mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa amefanywa mshauri wa ufundi bila kuulizwa, aliinua kidole.

«Prezidenti, mutoto hana viatu.»

«Viatu,» baba mdogo alimwambia mwandishi, «tutaviona mu mengine-mengine.»

Mengine-mengine hayakufikiwa. Nilikwenda mwenyewe kwenye rundo la mitumba nikapata viatu viwili vya mbio, cha kushoto na cha kulia, namba ile ile. Vilikuwa ndugu wa mama mmoja na baba tofauti, lakini vilimkaa.

Kisha ushauri ukaanza. Baba mdogo alifanya kazi reli miaka mingi, na kwake kila kitu kinachokwenda mbele ni treni. Alimtaka mtoto aanze kwa nguvu zote. Mwalimu alijaribu kumweleza, kwa heshima, kwamba wakimbiaji hawafanani: kuna wanaotoka mbio na wakaweza, na kuna wanaopata moto polepole. Huyu wetu ni kama sufuria ya maharagwe. Ukimharakisha mwanzoni anapata kichomi; ukimwacha, baada ya kilometa tano anaanza kuwaokota wenzake mmoja mmoja.

«Maharagi haikimbiake,» baba mdogo alisema, na mwandishi akaandika.

Mwalimu hakukata tamaa. Akasema hata Wakenya, mabingwa wa dunia, kila mmoja ana namna yake, na wengi wanafanya mazoezi kwenye vilima. Makamu wa prezidenti akauliza kama ni wale wa komine ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, maana yeye amezaliwa kule na hajawahi kuona kilima.

Shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyekuwa wa uhamasishaji. Yeye aliamini bukari, ugali wetu. Mtu akikimbia vibaya, bukari haikutosha. Akikimbia vizuri, fikiria angekimbiaje kama angeongeza. Mshauri wa mambo ya roho, mhubiri wa avenue yetu, yeye aliamini kufunga: siku tatu bila chakula wala maji, ili mwili uwe mwepesi na adui asipate pa kushika. Wote wawili walikuwa watu wa kuheshimiwa na wote wawili walitumia sauti. Kamati ikapiga kura. Ikaamuliwa kwamba mkimbiaji, siku tatu za mwisho, atafunga mchana kwa ajili ya roho na jioni atakula bukari ya siku nzima kwa ajili ya miguu. Watu walipiga makofi. Nadhani nami nilipiga.

Baada ya mkutano mwalimu alibaki nyuma akinisaidia kurudisha viti kwa jirani.

«Yaya,» aliniambia, ingawa ananizidi umri, «huyu mutoto analalaka saa ngapi?»

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nilijua bei ya lengalenga ya kila siku ya juma. Nilijua mtoto gani ana minyoo na nani ana mtihani. Hilo sikulijua. Ikabidi nihesabu mbele yake: anaamka saa kumi alfajiri kuchota maji, anawasha makala, anaogesha wadogo, anakimbia sokoni, shule, kurudi, kupalilia, kupika, kuosha vyombo, kusoma. Niliyaongeza yote nikaona kwamba mimi, yaya, niliyekuwa nikiicheka kamati chini chini, nilikuwa nimemlalisha mdogo wangu saa tano kwa siku kwa miaka mitano. Kamati ilikuwa na wiki chache tu.

«Kukimbia anajua,» mwalimu alisema. «Mwili yake inakomaa wakati analala. Na hamumuache alale.»

Kuanzia kesho yake maji nilichota mimi. Makala niliwasha mimi. Yeye nilimwamuru alale mpaka saa kumi na mbili, na siku za kwanza alilala huku amefumbua macho, kama mwizi anayesubiri kushikwa. Nafasi yetu karibu na lango tuliipoteza siku ile ile. Nikakaa kando ya mfereji, na mama mmoja anayeuza nyanya, ambaye kwa miaka mingi alikuwa nyuma yetu, alinipigia kelele kutoka mahali petu:

«Papa! Leo unauzisha mboga ao samaki? Arufu inafika mpaka huku!»

«Ni mboga ya mabingwa, mama!»

«Bingwa gani anakula kinyesi?»

Nilicheka naye. Lakini kila jioni mwalimu alipompima, uso wake mwembamba ulizidi kufunguka. Mtoto alianza polepole kama kawaida yake, wa mwisho, akamaliza kama mtu aliyesahau kitu kwenye moto. Hakuna kingine kilichokuwa kimebadilika, isipokuwa usingizi.

Wiki ya mbio aliniomba jambo moja tu.

«Yaya, ile siku usinipigie kelele. Ukinipigia, minaanza kukusikiliza weye. Sisikie tena pumuzi yangu.»

Nikamwahidi.

Jioni ya mwisho shangazi alifika na bukari yake mwenyewe kutoka Katuba, imefungwa kwenye kitambaa, na samaki. Mtoto alikuwa amefunga siku ya tatu. Alitazama ule mlima, akasema taratibu kwamba atakula kidogo.

«Kidogo?» Shangazi akashika kiuno. «Unazania miye muloji? Unaona nimeweka kintu mu bukari?»

Shangazi wa upande wa baba akikupa chakula na ukakikataa, umemwita mchawi mbele ya watu, na hilo haliishi kwa kuomba msamaha. Mdogo wangu akala. Kila shangazi alipogeuka kuzungumza na jirani, mimi nilihamisha tonge moja kutoka sahani yake kuja yangu. Kesho yake wakimbiaji wawili kutoka nyumba yetu wangekuwa wamejiandaa.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na ile baridi kavu ya mwezi wa sita, vumbi jekundu limelala. Kamati ilifika imejaa kwenye gari la kukodi, yote buluu. Prezidenti alipanda nyuma ya moto, yaani pikipiki ya taksi, ili amfuate mkimbiaji njia nzima na kumpa maelekezo. Sisi wengine tulikwenda mahali pa kumalizia.

Habari alitupigia kwenye simu ya makamu, iliyowekwa sauti kubwa. Mwanzoni zilikuwa za msiba.

«Anakuwa wa mwisho! Namuambia tia mvuke, haisikie! Anatuhaibisha! Anakimbia sawa vile anaenda ku kisima!»

Mhubiri akafumba macho. Makamu alianza kusema kwamba tangu mwanzo yeye alikuwa na mashaka. Kisha, baada ya muda:

«Aba. Iko wa kumi na ine.»

Kisha: «Wa nane. Munasikia? Njo mvuke yangu ile!»

Kisha sauti ikapasuka: «Wa tatu! Apana, wa pili! Wa pili! Anakuya!»

Sasa ni lazima nieleze mila yetu, kwa sababu bila hiyo mtu atadhani tulikuwa wagonjwa. Huku kwetu mtoto akifaulu mtihani wa taifa, au bibi arusi akiingia, wanawake wanatandika vikwembe vyao barabarani apite juu yavyo, na wanammwagia poda nyeupe kichwani mpaka anafanana na mwokaji mikate. Ni heshima kubwa. Anayetandikiwa hapiti haraka. Anapita kwa hatua ndogo, kwa adabu, ili kila mama aone kikwembe chake kimekanyagwa. Na heshima hiyo ni ya mtu aliyefika.

Mahali penyewe pa kumalizia palizungushiwa kamba na walinzi hawakuwaachia akina mama waingie. Shangazi akatazama huku, akatazama kule, akaamua kwamba hatua mia moja kabla ya mstari panafaa tu. Vikwembe vikafunguliwa viunoni, vikatandikwa kutoka ukingo hadi karibu ukingo wa pili. Makopo ya poda yakatoka kwenye mikoba. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ile buluu kwenye lami, chini ya miti. Kona moja ilikuwa inapeperuka na upepo, na shangazi akaniambia nishike. Nikainama nikashika.

Akatokea. Wa pili, peke yake, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua kama mtu anayepanda baiskeli tupu. Wa kwanza alikuwa ameshapita kitambo. Nyuma yake kulikuwa na wawili, lakini mbali, na kila mtu aliona kwamba nafasi ile ni yake.

Kisha akaviona vikwembe.

Msichana aliyelelewa vizuri hakanyagi nguo za shangazi zake kwa mbio. Hilo hakulifikiria, miguu ilifikiria yenyewe. Ilipunguza. Akatembea. Aliniangalia mimi niliyekuwa nimepiga magoti na kona mkononi, na nadhani alitegemea niseme kitu, lakini nilikuwa nimeahidi kukaa kimya. Vigelegele vikalipuka. Poda ikamwagika, kopo la kwanza, la pili, la tatu. Shangazi akamkumbatia, mwingine akamkumbatia pamoja na shangazi. Wasichana wawili waliokuwa nyuma wakapita pembeni, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakiruka vikwembe kwa uangalifu kama watu wanaopita msiba wa wengine.

Alipopata kufuta macho alikuwa wa nne.

Alivuka mstari akiwa mweupe kuanzia nywele mpaka viatu. Mwalimu alikaa chini kwenye ukingo wa barabara akashika kichwa. Baba mdogo akashuka kwenye moto, amekauka sauti, ametanua mikono.

«Wa ine! Ku mutoto wa matembele, wa ine haiko mubaya! Kuyeni picha!»

Ile picha ipo. Watu wote wanacheka isipokuwa mmoja, na huyo mmoja haonekani vizuri kwa sababu ya poda.

Nyumbani aliosha kichwa kwenye beseni mara tatu. Nilikuwa namwagia maji.

«Yaya,» akasema, kichwa kimeinama, «na weye ulishika kikwembe.»

«Nilishika.»

Niliendelea kumwaga maji mpaka ndoo ikaisha.

Juma lililofuata mama mdogo alifika kutoka Sakania, na mfuko mtupu wa kuwekea nguo za mtoto. Kamati ilikaa kikao cha mwisho. Prezidenti alisoma taarifa kwamba malengo yamefikiwa kwa sehemu kubwa na kwamba mkimbiaji sasa anakabidhiwa kwa upande wa mama. Alikuwa anakunja karatasi niliposimama. Nilikuwa nimesimama kwenye vikao vyote vile, lakini siku zote na kiti mkononi.

«Hataenda,» nilisema.

«Weye nani?» baba mdogo akauliza, na hakuuliza kwa dharau. Alikuwa kweli ameduwaa, kama kwamba ni kiti kilichosema.

«Miye yaya yake. Ile nyumba iko na mukubwa, na ni miye. Munipe mwaka moja. Akishindwa tena, nitamupeleka Sakania miye mwenyewe, na baiskeli.»

Makamu alisema kwamba jambo hilo halimo kwenye ajenda. Kisha shangazi, ambaye watu waliniambia hakuwa amekula vizuri tangu siku ile, akaanza kulia kwa sauti.

«Mumupe. Ile poda ilikuwa yangu. Miye njo nilifungua kopo ya kwanza.»

Wakanipa mwaka.

Ulikuwa mwaka mgumu na sina mapambo ya kuuwekea. Shule hakwenda. Asubuhi alilala mpaka jua, kisha akakimbia na mwalimu. Mchana alilima pamoja nami. Mimi niliendelea na mfereji, na mama wa nyanya aliendelea na mahali petu. Wadogo wawili walijifunza kuchota maji. Kuna miezi tulikula matembele asubuhi na jioni, na mwalimu, alipoulizwa na makamu ni chakula gani maalumu anachompa bingwa, alijibu kwamba ni majani.

Mwezi wa sita ulipokaribia baba mdogo alipiga simu. Kamati ilikuwa imefufuka. Safari hii kikwembe kilikuwa kijani, ili kuleta amani.

«Mbio ni siku gani?»

Mimi si mtu wa kudanganya wakubwa. Ningeweza kuwaita watu wa komine yetu nzima, Annexe, waape. Lakini mbio zilikuwa Jumamosi, na nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, bila haraka, kama inavyotaja bei:

«Siku ya Mungu, baba mudogo. Nyuma ya misa.»

Jumamosi nilisimama karibu na kilometa ya nane, na baiskeli, mdomo umefungwa. Alipita wa sita. Hakuniangalia na sikuita. Kisha nikapanda baiskeli, nikakata vichochoro mpaka mahali pa kumalizia, nikasimama nje ya kamba. Hakukuwa na mtu mwingine wa kwetu isipokuwa mwalimu, ambaye hakuweza kutazama na alikuwa anasoma tangazo la saruji ukutani.

Wa kwanza alifika. Wa pili. Kisha wawili pamoja, bega kwa bega, mmoja mrefu wa shule ya watawa na mmoja wa kwetu. Hatua mia moja za mwisho lami ilikuwa tupu. Mrefu alitupa mikono, akafungua mdomo, akachungulia pembeni. Wa kwetu hakuchungulia. Alikuwa anasikiliza kitu. Alimpita kwa upana wa kifua, si zaidi, akavuka wa tatu, akaendelea kukimbia hatua nyingine ishirini kama ambaye hakuambiwa panapoishia.

Alirudi kwangu akitembea, mikono kiunoni.

«Yaya, mbona unanyamaza?»

«Si weye ulinikataza.»

«Nimemaliza sasa. Piga.»

Nikapiga kelele. Mtu mmoja, barabarani, mchana kweupe, na baiskeli imeniangukia mguuni. Walinzi waligeuka. Sauti iliisha kabla sijatosheka.

Kisha wakampa karatasi ya bweni, na chini yake kulikuwa na mahali pa sahihi ya mkuu wa familia. Nami sikuwa mkuu wa familia. Nilikuwa mkuu wa nyumba tu. Karatasi ilitakiwa Jumatatu.

Jumapili asubuhi tulikwenda Katuba wote wawili. Tuliikuta kamati imeshavaa, kijani kitupu, inapanda gari la kukodi. Nilipiga magoti kwenye mchanga mbele ya mlango wa baba mdogo, nikasema yote: kwamba mbio zilikuwa jana, kwamba nilidanganya, kwamba nilifanya makusudi, na kwamba amekuwa wa tatu.

Walishuka kwenye gari mmoja mmoja. Kikao kilikaa palepale uani, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine alileta viti. Mlinzi wa nidhamu, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa na kazi, alisema kwa furaha iliyofichika vibaya kwamba kosa hili lina faini. Nikahukumiwa mbuzi mmoja na kuku wawili. Nikakubali. Mhubiri akaomba ili ulimi wangu uponywe. Nikaitikia amina.

Ndipo baba mdogo akanyoosha mkono. Aliomba karatasi. Aliisoma mara mbili, kidole kikifuata mistari, akaomba kalamu, akaweka sahihi kubwa. Pembeni palikuwa na nafasi ya kuandika uhusiano na mtoto: baba, mama, mlezi. Akafikiri kidogo, akaandika: Prezidenti.

Akanirudishia bila kuniangalia. Kisha akamgeukia mdogo wangu, na sauti ikawa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

«Bon. Ikala hapa. Ulikimbia namna gani?»

Mdogo wangu akakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha mbele, akaanza kueleza tangu kilometa ya kwanza, alipokuwa wa mwisho. Makamu alijaribu kuuliza swali. Shangazi akampiga kofi la begani, akasema:

«Nyamaza. Mutoto anasema.»